Nta ya Mama Mkwe

Mimi nta naijua. Nasema hivyo bila kuona haya, na anayetaka kubisha aje Suna, aingie kibandani kwangu nyuma ya soko, aniwekee sufuria mbili na moto, halafu tuone. Nikishika kipande cha nta nitakwambia kama ni ya soya tupu au imechanganywa na ya nyuki, na kama imechanganywa, nitakwambia kama aliyechanganya alikuwa na haraka. Ya soya huacha utelezi kwenye kidole na hukatika kwa urahisi. Ya nyuki hung'ang'ania. Ukiibonyeza kwa ukucha, alama ya ukucha inabaki hapo hapo.

Lakini kuna kipindi nilitengeneza mishumaa mibaya kuliko yote iliyowahi kuwashwa kati ya Migori na Homa Bay, na muda wote huo watu wawili waliojua kwamba ni mibaya walikuwa wakiambiana kwamba ni mizuri. Mmoja nilikuwa mimi. Mwingine alikuwa mama mkwe wangu.

Nilizaliwa Kendu Bay katika familia ya Wasabato wa kweli kweli, wale ambao Ijumaa jua likianza kushuka sufuria zimeshaoshwa na viatu vimeshapigwa rangi. Kwetu mshumaa ulikuwa kitu cha kutafutwa stima ikipotea, basi. Kaka zangu waliposikia nimeanza kumimina mishumaa walicheka mpaka wakashika mbavu. "Umeoa Mkatoliki, sasa umeamua kumtengenezea na taa zake," mmoja aliniambia. Nilimwacha acheke. Stima ya Suna ilikuwa ikipotea kila wingu likikohoa, na mishumaa ya dukani ilikuwa ikipaka dari za watu masizi. Nikaagiza nta ya soya kutoka Nairobi, vipande vyeupe vyembamba vinavyofanana na sabuni iliyokwanguliwa, nikaimimina kwenye vikombe vya kioo na makopo. Saluni zikachukua, gesti zikachukua. Kaka yangu huyo huyo akaja kuchukua wa kwake, na nilimuuzia bei ya kila mtu.

Nta ya soya ina tabia moja. Ndani ya kikombe inapendeza sana. Itoe humo, uisimamishe peke yake, hasa ukishuka kuelekea ziwani ambako mabati hupika watu mchana kutwa, utaona inaanza kulegea magoti. Inahitaji kitu cha kuitia nguvu, na kitu hicho ni nta ya nyuki, ambayo ni ngumu na huchelewa kuyeyuka. Unaanza na ya nyuki, ndani ya sufuria iliyokaa juu ya sufuria nyingine yenye maji yanayochemka. Ikishakuwa maji yote, ndipo unatia ya soya kidogo kidogo huku ukikoroga bila kuondoka. Ukifanya haraka zitaachana zikipoa, na mshumaa wako utakuwa na madoa. Hayo yote nilijifunza kwa kuharibu.

Nta ya nyuki sikuhitaji kuitafuta mbali, kwa sababu ilikuwa ukweni, Kosele. Baba mkwe alipofariki aliacha mizinga nyuma ya boma, na kila mtu alidhani itaondolewa, maana kwao kurina asali ilikuwa kazi ya wanaume. Shemeji wa mama mkwe, ndugu mdogo wa marehemu, alisema wazi kwamba mjane hana kazi na nyuki na pale pangefaa mahindi. Mama mkwe hakubishana naye. Alivaa koti la mvua la marehemu, akajifunga chandarua cha mbu kichwani, akaenda akarina mwenyewe. Asali aliuza Kosele siku ya soko. Nta alinitumia mimi kupitia kwa mke wangu.

Sasa asiyejua mambo ya ukwe kwetu anaweza kufikiri hapo pana bahati tu. Mke wangu ana mama mwenye nyuki, mimi nina kibanda cha mishumaa, shida iko wapi? Shida ni kwamba yule ni *maro*, mama mkwe, na mbele ya maro mwanamume hujikunja. Sikuingia jikoni kwake. Sikula akiwa ananitazama. Nikifika, niliketi kwenye kiti nilichowekewa upande wa pili wa uwanja, na yeye aliniamkua akiwa ameangalia kuku. Hata lugha tuliiwekea umbali. Sote ni Wajaluo, lakini mimi aliniongelesha Kiswahili, kile cha kuongea na chifu au daktari wa mifugo.

"Habari ya safari, baba?"

"Nzuri, Mama. Hapa mko aje?"

"Sisi tuko tu. Jua ni kali."

"Kweli, jua ni kali."

Basi, mazungumzo yaliishia hapo. Kitu anachokutumia maro hukirudishi na hukikosoi. Unashukuru. Nta yake ilikuja nyeusi kidogo, ina majivu ya moshi wa kufukuzia nyuki, ina miguu ya nyuki, na ilinuka omena, wale dagaa wa ziwani, kwa sababu aliiyeyushia kwenye sufuria aliyokaangia omena. Nilishukuru. Ilikuwa kipande cha kutosha kiganja cha mkono tu, na mimi sikuomba zaidi, kwa kuwa mtu haombiombi vitu kwa mama mkwe. Kwa hiyo nilitia hicho kidogo kwenye soya nyingi, nikamimina mishumaa ya kusimama, nikamtumia michache kama heshima. Mwenye gesti moja mjini Homa Bay alinipigia simu akiuliza kama mshumaa wangu umetengenezwa kwa samaki. Nilimwambia ni harufu ya ziwa, wageni kutoka mbali wanaipenda. Aliamini, na kwa kweli nilijisifu kwa jibu hilo.

Kutoka Kosele jibu lilikuwa moja kila mara. "Mama anasema ni mizuri sana," mke wangu aliniambia huku akivua viatu, na hakuniangalia usoni.

Ikafika Kwaresima. Jumapili moja kwenye kigango chao, kanisa lao dogo la Kikatoliki, wakati wa matangazo, mama mkwe alisimama. Kigango hicho kilikuwa na kawaida ya kutumia mshumaa ule ule wa Pasaka miaka nenda rudi, wakibandika karatasi ya mwaka mpya juu ya ile ya zamani. Mama mkwe alisema mwaka huu mshumaa wa Pasaka utakuwa mpya na utatoka kwa nyuki wake, na mkwe wake wa Suna ndiye atakayeumimina. Watu walipiga makofi. Shemeji yake aliyekuwa benchi la nyuma alingoja makofi yaishe, akasema kwa sauti ya kusikika kwamba ni vizuri, na kwamba mshumaa huo ukishindwa kusimama, familia itakaa chini izungumze habari ya ile mizinga mara moja na kwa wote.

Mke wangu alinieleza haya jioni ile ile. Nilijua maana yake. Ile mizinga ndiyo iliyokuwa imemfanya mama mkwe asiwe mtu wa kuulizwa "umekula nini leo." Ikiondolewa, angebaki mjane wa kusubiri hisani ya shemeji. Na yote hayo yalikuwa yamewekwa juu ya mshumaa wangu, ambao nilijua vizuri kwamba hausimami.

Nilitengeneza wa majaribio, mrefu kama mkono, nikampelekea kupitia kwa mke wangu. Akarudi na jibu lile lile, ni mzuri sana. Nikamuuliza, umesimama? Mke wangu akaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa. Kesho yake tulienda Kosele pamoja.

Niliwekewa kiti changu chini ya paa la zizi. Mama mkwe aliketi mlangoni pa jiko, nusu amenipa mgongo. Baada ya habari za jua nilikusanya nguvu nikamwambia ningependa kuuona ule mshumaa. Aliingia ndani akatoka nao umelazwa kwenye sinia, kama mgonjwa. Ulikuwa umepinda katikati mpaka ncha zikakaribia kugusana.

"Ni jua," nikasema.

"Ni jua tu, baba," akasema. "Imekuwa kali sana."

Hapo mke wangu aliweka chini beseni alilobeba.

"Mimi nimechoka!" alisema. "Huyu tukiwa nyumbani anasema nta yako inanuka omena na imejaa majivu. Wewe nikifika hapa unasema mishumaa yake inalala kama walevi. Mkikutana, ni jua, ni jua. Leo imenyesha tangu asubuhi! Jua gani? Mimi sibebi tena hizi uongo zenu. Semeni wenyewe."

Sijawahi kutamani ardhi inimeze kama siku ile. Mama mkwe aliangalia kuku. Kisha akanigeukia mzima mzima, uso kwa uso, na akaniongelesha Kijaluo, kwa mara ya kwanza tangu nilipomwoa binti yake.

"Mishumaa yako ni mibovu," alisema. "Ule wa kwanza ulinizimikia katikati ya rozari. Wa pili kuku waliudonoa wakaumaliza, na kuku wangu hawadonoi nta ya nyuki. Umeweka nini humo? Unga?"

"Soya, Mama."

"Soya. Na nta yangu je, unaipeleka wapi? Mbona siioni?"

Nikajikuta nami nimesimama. "Naiweka yote! Lakini unanitumia kidogo. Na hicho kidogo kina majivu na miguu ya nyuki, na umekiyeyushia kwenye sufuria ya omena."

"Ile sufuria huwa naiosha!"

"Hata ukiiosha, Mama."

"Na kama ni kidogo, mbona hukuitisha zaidi?"

"Nitaitishaje kwa maro?"

Akanitazama kana kwamba nimemwambia nimesahau kuvaa suruali. Aliingia ndani ya nyumba. Tukasikia kitu kikiburutwa, akatoka anavuta gunia. Lilikuwa limejaa masega makavu mpaka mdomoni, mavuno ya misimu kadhaa. Alikuwa akiyaweka akingoja niseme, kwa sababu aliona kumrundikia mkwe mzigo wa masega bila kuulizwa ni kukosa adabu. Mimi nilikuwa Suna nikipunja mishumaa kwa heshima, na yeye alikuwa Kosele akikalia gunia kwa heshima hiyo hiyo. Mke wangu alicheka mpaka akaketi chini. Sisi wawili hatukucheka siku ile, tulikuwa bado na hasira.

Kazi ilianza hapo. Jikoni sikuingia, tulitoa moto nje. Yeye alisimama upande mmoja wa mafiga na mimi upande wa pili. Tulinunua sufuria mpya ambayo haijawahi kuonana na samaki. Masega tuliyafunga ndani ya kitambaa, tukayachemsha kwenye maji ya mvua, nta ikapanda juu na uchafu ukabaki kitambaani. Ikipoa tulikwangua takataka za chini, tukarudia, mpaka nta ikawa rangi ya ndizi iliyoiva. Tulibishana muda wote. Yeye alitaka nta ya nyuki tupu, bila soya, nimwondolee unga wangu. Nilimwambia nta tupu itapasuka, na utambi mwembamba niliokuwa nao ungezama kwenye nta iliyoyeyuka na kuzimika. Hakuniamini, akamimina wake kwa kopo. Ulipasuka kuanzia juu hadi chini. Kesho yake nikamimina wangu nikiwa nimeongeza soya kupita kiasi kwa kiburi tu, nao ukalegea. Tukakubaliana nta ya nyuki iwe nyingi, soya iwe ya kuilainisha, na utambi uwe mnene. Mvua zilituchelewesha, kuni zikalowa, na kabla hatujajua, ilikuwa Alhamisi Kuu.

Mwili wa mshumaa tuliumimina siku hiyo. Nilikuwa nimechukua bomba la maji la plastiki, nikalipasua kwa urefu, nikalipaka mafuta ya kupikia ndani, nikalifunga tena kwa mipira ya tairi la baiskeli. Nilimimina polepole nusu ya kwanza ya nta. Mvua ikaanza, tukakimbilia chini ya paa la zizi, nikamalizia nusu ya pili nikiomba ile ya kwanza isiwe imepoa mno, maana ikipoa, mshumaa hukatika mahali zilipokutana. Mama mkwe alilivika bomba blanketi lake mwenyewe ili lipoe taratibu.

Tulitakiwa kulifungua kesho yake. Nikafika asubuhi na mapema, yeye akakataa. Ilikuwa Ijumaa Kuu, na Ijumaa Kuu yeye hashiki kazi. Nilimbembeleza, nikamwambia ni kukata mipira tu. Hakuna. Nikarudi jioni, nikiwa na hakika kwamba baada ya ibada yao atakubali, lakini ibada ilirefuka, na alipotoka kanisani jua lilikuwa limezama. Sabato yangu ilikuwa imeingia. Sasa ilikuwa zamu yangu kukataa. Nikamwambia yeye kesho yuko huru, afungue.

"Sifungui peke yangu," alisema. "Likiwa limevunjika utasema ni mimi."

Na ni kweli, ningesema.

Kwa hiyo mshumaa ulikaa ndani ya bomba hadi Jumamosi jioni, na mkesha wa Pasaka huanza giza likiingia, dakika zile zile Sabato inapotoka. Nilishinda siku hiyo kanisa la Wasabato pale Kosele, nikiimba na wengine, lakini mawazo yalikuwa kwenye blanketi. Niliwaza ile mvua. Niliwaza nusu mbili zilizokutana bila mimi kujua kama zilishikana. Niliogopa, na huwa siogopi nta.

Jua lilipozama nilikimbia nikiwa na suti yangu ya kanisani. Moto ulikuwa tayari umewashwa nje ya kigango, watu wamesimama wakiwa na mishumaa midogo isiyowashwa, padre amevaa mavazi meupe. Shemeji alikuwa mbele kabisa, amekunja mikono. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kigango na bomba mapajani kama mtoto.

Nilikata mipira. Nusu moja ya bomba ilitoka. Ya pili iling'ang'ania. Nilitaka kuingiza kisu, akanisukuma mkono, akalipiga bomba kofi moja kubwa la kiganja. Likaachia.

Ulikuwa wa manjano, laini, mzima. Palikuwa na mstari mmoja mweupe mahali nusu mbili zilipokutana. Nilipitisha kidole hapo, nikabonyeza, nikabonyeza tena kwa nguvu zote. Ulikuwa umeshikana. Nikausimamisha juu ya ngazi, nikaondoa mikono, ukasimama wenyewe. Padre akachukua kisu akachonga msalaba na tarakimu za mwaka, na nta ilikatika safi bila kumeguka. Wakauwasha kutoka kwenye moto, wakaubeba ndani gizani, na watu wakaanza kuwasha mishumaa yao kutoka kwake. Shemeji alikuja zamu yake ilipofika. Aliinamisha mshumaa wake mdogo, akautazama mkubwa kuanzia juu hadi chini, akauwasha wake, akaenda kuketi. Habari ya mizinga sijaisikia tena mpaka leo.

Nilisimama nyuma karibu na mlango, mahali pa mgeni na mahali pa mkwe. Masomo yakaanza. Katikati ya somo la pili mwali ulianza kurefuka na kutoa moshi. Mimi niliuona, lakini ni nani angethubutu kwenda mbele ya altare, katikati ya Maandiko, na yeye si wa kanisa lile?

Mama mkwe aligeuka kwenye benchi lake. Alinitafuta kwa macho kati ya watu wote, na kwa Kijaluo, kwa sauti ambayo hata msomaji alinyamaza kuisikia, akasema, "Wewe! Huoni utambi ni mrefu? Nenda ukaukate!"

Kigango kizima kilinigeukia. Nilipita katikati yao, Msabato mwenye suti, nikainama mbele ya altare, nikaukata utambi. Mwali ukashuka ukatulia. Msomaji akaendelea. Nilipogeuka kurudi mlangoni, mama mkwe alikuwa ameshaondoa mkoba wake kwenye benchi, ameuweka mapajani, na anapapasa ile nafasi kwa kiganja bila kuniangalia, kama mtu anayemwita mtoto aliyechelewa. Nikaenda nikaketi.